Hadaa Si Ahadi: Nani Aliyempa Mchuuzi wa Sola Mlango wa Msikiti?

 

Ndugu zetu katika imani, tumechelewa kuliandika jambo hili, na kuchelewa kwetu ni kosa tunalolikiri. Tulidhani ni ugomvi wa watu wawili, muuzaji na mnunuzi, ambao ungemalizwa barazani. Sasa tumeona kwamba umeingia msikitini, na umeingia kwa idhini ya wale tuliowakabidhi funguo.

Katika kijiji kimoja cha Kwale, baada ya swala ya Ijumaa, katibu wa kamati alisimama akawaomba waumini wasiondoke. Akawatambulisha vijana wawili waliovaa fulana za kampuni moja iuzayo mitambo ya umeme wa jua kwa malipo ya kidogo kidogo. Alisema, "Hawa ni vijana wetu, wapokeeni majumbani." Hakusema zaidi, na wala hakuhitaji kusema zaidi. Jumatatu yake vijana wale walibisha hodi kwa mama mmoja mjane anayelea wajukuu wanne. Yeye hakuwapo msikitini siku ile, lakini habari zilikwisha kumfikia kwamba wametumwa na msikiti. Akawakaribisha, akawapa maji ya kunywa. Wakamwonyesha taa nne, redio na paneli, wakamwambia bei ni shilingi 50 kwa siku. Kitambulisho chake kikapigwa picha, akaulizwa majina na namba za simu za jamaa zake wawili, kisha akaambiwa aweke kidole juu ya kioo cha simu. Akaweka. Huo ndio uliokuwa mkataba wake. Hakusomewa neno, hakupewa karatasi, wala hakuambiwa zile shilingi 50 zitalipwa kwa siku ngapi.

Hesabu aliijua mwezi wa nne, pale mjukuu wake aliye sekondari alipopiga simu kwa kampuni kuuliza deni limebaki kiasi gani. Mama akaenda kwa katibu kulalamika. Akawakuta wazee wawili wamekaa naye, na mmoja wao akampa jibu ambalo ndilo lililotufanya tushike kalamu: "Mama, Muislamu hutimiza ahadi. Umeweka kidole, lipa."

Jibu hilo si la mzee mmoja. Tumelisikia Kilifi, tumelisikia Mombasa kwenyewe, na tumelisikia kutoka vinywa vya watu tunaowaheshimu kwa elimu yao. Kwa hiyo hatutamjibu mzee yule peke yake. Tunalijibu neno lenyewe, kwa kuwa limekuwa kufuli mikononi mwa wachuuzi: wao huhadaa, na sisi huwafungia mlango wale waliohadaiwa.

Kabla ya kwenda mbele, tusije tukaeleweka vibaya. Sisi si maadui wa umeme wa jua. Nani asiyejua moshi wa koroboi, na nani hajaona mtoto akisoma huku macho yakimtoka machozi? Tangu biashara hii ya kulipia sola kwa simu ianze kuenea Kenya kuanzia mwaka 2012, nyumba nyingi sana ambazo nguzo za stima hazijazifikia zimepata mwanga, na wapo wauzaji waaminifu ambao bidhaa yao ni nzuri na maneno yao ni ya kweli. Anayelipa kwa kidogo kidogo hapati kitu cha bure, na wala haoni haya kudaiwa. Tunachokipinga ni namna ridhaa ya mtu inavyochukuliwa akiwa kizingitini mwa nyumba yake, ameshika mtoto mkono mmoja na mwiko mkono wa pili.

Tufanye hesabu, kwani hadaa nyingi zimejificha kwenye hesabu isiyofanywa. Tuseme mtambo unatakiwa malipo ya awali ya shilingi 3,000, kisha shilingi 50 kila siku kwa siku 500. Mchuuzi atataja hamsini. Hamsini ni bei ya nini siku hizi? Ni fedha ya mafuta ya taa na vocha, na kila mtu husema moyoni, hiyo naiweza. Lakini hamsini mara 500 ni shilingi 25,000, na ukiongeza malipo ya awali ni 28,000. Mtu akitajiwa elfu ishirini na nane atauliza: paneli hii ni ya wati ngapi? Betri hudumu miaka mingapi? Dukani mjini vitu hivi taslimu ni bei gani? Akitajiwa hamsini hawezi kuuliza hayo, kwa sababu hakuna aulizaye maswali makubwa juu ya shilingi hamsini. Hamsini imetajwa kwanza, na mara nyingi imetajwa peke yake, kwa sababu hiyo hasa.

Tena ziko siku ambazo mnunuzi hana hamsini. Mvuvi hakwenda baharini kwa ajili ya kusi, au mama hakuuza mahamri kwa sababu mtoto ni mgonjwa. Siku hizo mtambo hujifunga wenyewe, kwa kuwa ndani ya kisanduku chake mna kidude kinachopokea amri kutoka kampuni au kinachosubiri tarakimu za malipo. Taa huzimika, na siku ya kumaliza deni husogea mbele. Hili si lazima liwe dhuluma. Anayelijua na akalikubali, amelikubali. Lakini ni wangapi walioambiwa kabla hawajaweka kidole? Na betri ikifa siku ya 300, fundi akakaa mwezi asije, je, zile siku za giza zinahesabiwa kwa nani? Ukimwuliza mchuuzi swali hili utaona anavyolikimbia.

Sasa tuje kwenye ahadi. Ni kweli, na hakuna Muislamu anayelipinga, kwamba Suratul Maida inafungua kwa amri ya kutimiza mikataba. Lakini waliolishika neno hilo wameliacha lile lililo Suratul Baqara, aya ya 282, ambayo ni aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, na ambayo yote ni juu ya deni. Aya hiyo inataka deni la muda liandikwe. Inataka mwandishi awe mwadilifu. Na inataka jambo ambalo wengi wetu tumelisoma mara elfu bila kulitazama: anayetoa maneno ya kuandikwa ni yule mwenye kudaiwa, na akiwa dhaifu au hawezi, basi msimamizi wake amtolee maneno kwa uadilifu. Mdaiwa ndiye anayesema, na mwandishi anaandika! Mwenyezi Mungu amemweka mdaiwa mahali pa kusema kwa sababu yeye ndiye atakayebeba mzigo, na maneno aliyoyatamka mwenyewe hawezi kudai kuwa hakuyaelewa.

Lilinganisheni hilo na mkataba wa mlangoni. Mwenye kudai ndiye aliyeuandika, ameuandika mjini kwa Kiingereza, kurasa kadhaa za herufi ndogo ndani ya simu ya mchuuzi, na mdaiwa kazi yake ni kidole. Nani basi aliyeiacha amri? Ni yule mjane aliyeweka kidole, au ni yule aliyemwandikia deni asilolijua? Wazee wetu wanamhimiza mnyonge atimize, hali mwenye nguvu hawajamwuliza kama aliandika.

Kisha kuna kisa ambacho kila mtoto wa madrasa anakijua. Mtume, rehema na amani zimshukie, alipita sokoni penye rundo la nafaka, akatia mkono wake ndani, vidole vyake vikakuta umajimaji. Juu ilikuwa kavu. Mwenye mali akatoa udhuru wa mvua. Hakuambiwa kwamba wateja wake wangepaswa kuwa waangalifu, wala hakuambiwa kwamba aliyekwisha kununua ametoa ahadi. Alikemewa yeye, kwa kuwa ilimpasa kuuweka umajimaji juu ili watu wauone. Shilingi 50 ni ile nafaka kavu ya juu. Shilingi 28,000 ndio umajimaji.

Na wanazuoni wetu wa fiqhi, hususan wa madhehebu ya Imam Shafi ambayo ndiyo tunayofuata wengi wa pwani hii, hawakumwacha mnunuzi bila mlango wa kutokea. Wametaja khiyari, na neno letu la kila siku "hiari" ni jamaa wa neno hilo. Ipo khiyari ya kikao, kwamba muuzaji na mnunuzi kila mmoja anaweza kurudi nyuma maadamu hawajaachana. Ipo khiyari ya sharti, ambayo wanaweza kuiwekea muda, na Mashafi wameuwekea mwisho wa siku tatu. Ipo na khiyari ya aibu, pale kasoro iliyofichwa inapodhihirika, ambapo mnunuzi anarudisha bidhaa na kudai fedha yake. Kwa hiyo anayesema kwamba kurudisha mtambo uliouzwa kwa kuficha ni kuvunja dini, huyo hajafungua kitabu cha biashara hata mlango wa kwanza.

Kuna wanaotuuliza kama bei ya mafungu kuwa juu kuliko ya taslimu ni riba. Baraza la Fiqhi la Jumuiya ya Nchi za Kiislamu, katika kikao chake cha Jeddah cha mwaka 1990, lilisema bei ya muda inaweza kuzidi ya taslimu, mradi pande mbili zikate shauri juu ya bei moja kabla ya kuachana, na likakataa kuongezwa kwa deni kwa sababu ya kuchelewa. Tazameni sharti: kukata shauri juu ya bei moja. Mtu aliyetajiwa hamsini na hakutajiwa jumla amekata shauri juu ya bei gani?

Hayo ni ya kitabu. Sasa ya serikali, maana wako watakaosema kwamba kampuni haihukumiwi kwa fiqhi. Vyema. Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 46, inampa mnunuzi haki ya kupewa habari anazohitaji ili anufaike na alichokinunua, na haki ya kulindwa maslahi yake ya kiuchumi, na ya kulipwa fidia. Kisha ikaja Sheria ya Kumlinda Mlaji ya mwaka 2012. Sheria hiyo imeutenga mkataba unaofungwa ana kwa ana nje ya duka la muuzaji, yaani huu wa mlangoni hasa, ikauwekea hukumu zake peke yake. Mnunuzi anaweza kuufuta bila kutoa sababu yoyote, tangu siku ya kuufunga mpaka siku kumi baada ya kupokea nakala yake ya maandishi. Tunarudia: bila kutoa sababu. Si lazima mtambo uwe mbovu, si lazima mchuuzi awe mwongo. Inatosha kwamba mama amelala akaamka akaona hauwezi. Na ikiwa hakupewa nakala inayotimiza masharti ya sheria, basi muda wake wa kufuta si siku kumi tena bali ni mwaka mzima tangu siku ya kufunga mkataba.

Yule mzee alisema, "Umeweka kidole, lipa." Sheria ya nchi inasema aliyewekeshwa kidole bila nakala ana mwaka wa kujitoa. Katika jambo hili, na tunaona haya kusema, bunge limekuwa na huruma kwa mjane kuliko baraza la msikiti.

Wala msidhani siku hizi kumi zilitungwa kwa kuwaonea huruma wasiosoma wa Afrika. Sheria hii ya Kenya imefanana sana, mahali pengi neno kwa neno, na sheria ya jimbo la Ontario nchini Kanada ya mwaka 2002. Huko kila nyumba ina stima, watu wamesoma, na bado wachuuzi wa mikataba ya umeme na gesi waliwazunguka watu milangoni, hasa wazee na wahamiaji, mpaka siku kumi zikaonekana hazitoshi. Tangu tarehe 1 Januari 2017 Ontario imepiga marufuku kabisa kuuza mikataba ya umeme na gesi mlangoni, na jimbo la Alberta likafunga mlango wake siku hiyo hiyo. Uingereza nako, makampuni makubwa ya nishati yaliacha uchuuzi wa mlangoni baada ya kashfa nyingi kuanzia mwaka 2011, na mwaka 2013 moja kati yao, SSE, ilitozwa na msimamizi wa nishati faini ya pauni milioni 10.5 kwa kuwauzia watu kwa maneno ya kupotosha. Siku za mnunuzi wa mlangoni kubadili nia huko ni 14. Watu wenye mahakama kila mtaa na magazeti kila asubuhi wameona kwamba kizingiti cha nyumba ni mahali pabaya pa kumtaka mtu sahihi, na sisi tunakwenda kumtambulisha mchuuzi baada ya Ijumaa.

Kuna jambo jingine ambalo wengi hawalijui. Katika Sheria ya Kenya ya Kununua kwa Mafungu, Sura ya 507, mnunuzi aliyekwisha kulipa theluthi mbili za bei hawezi kunyang'anywa bidhaa kwa nguvu; muuzaji lazima aende mahakamani. Katika mfano wetu wa shilingi 28,000, theluthi mbili hutimia siku ya 314. Sheria hiyo ilitungwa zama ambazo kunyang'anya kulihitaji gari, na vijana wa kubeba, na majirani wa kushuhudia. Leo kampuni haihitaji kubeba chochote. Mtambo unabaki ukutani, paneli inabaki juu ya bati, lakini taa haziwaki. Je, aliyezimiwa siku ya 400 hakunyang'anywa? Kwa maoni yetu amenyang'anywa, na tungependa sana kuliona swali hilo mbele ya hakimu. Wauzaji wengine wanajua hatari hii, ndiyo maana karatasi zao huitwa "mkopo" au "ukodishaji" na si ununuzi. Basi ulizeni jina la mkataba. Jina lina kazi yake.

Na zile picha za vitambulisho na namba za jamaa? Kenya ina Sheria ya Kulinda Data ya 2019, na Tanzania inayo yake ya 2022. Mama yule hakuambiwa namba za jamaa zake ni za nini. Alikuja kujua pale shemeji yake wa Mombasa alipopigiwa simu kuulizwa kwa nini ndugu yake halipi. Aibu hiyo, ndugu zetu, ndiyo dhamana halisi ya mikataba hii. Si paneli.

Tufike sasa kwa kamati za misikiti, na hapa tutasema bila kuuma maneno. Mchuuzi hulipwa kwa idadi ya anaowaandikisha. Hatumlaumu kijana kwa kutafuta riziki. Wengi wao ni watoto wetu waliomaliza shule wakakosa kazi, na wanasukumwa na wakubwa wao kutimiza idadi. Lakini yeye ana sababu ya kumharakisha mama. Wewe katibu una sababu gani? Tumeelezwa kwamba katika baadhi ya misikiti kamati ilipewa taa za nje za bure, na katika mmoja muadhini alipewa mtambo wa nyumbani kwake. Mnauita msaada. Sisi tunauita ujira, na mliouza ni imani ya watu kwenu. Mama yule hakuiamini kampuni. Hata jina lake hakulijua kulitamka. Aliuamini msikiti. Kama taa ile ya nje inamulika njia ya kwenda kutawadha, mjue mafuta yake ni shilingi 50 za wajane.

Mtu atasema: je, hatuwezi kuwanufaisha waumini kwa kuwaletea bidhaa njema? Mnaweza. Iteni kampuni tatu badala ya moja, mchana, uwanjani, si ndani. Kila moja iseme kwa Kiswahili bei ya taslimu, bei yote ya mafungu, idadi ya siku, dhamana ya betri, na nani atakuja ikiharibika. Watu waende nyumbani walale. Anayetaka arudi kesho atie sahihi, awe na mwanawe au jirani anayesoma, na aondoke na nakala mkononi. Muuzaji asiyekubali kusubiri mpaka kesho amekwisha kujieleza.

Na kwa waliokwisha kutia vidole, msilale. Kufuta mkataba hakuhitaji wakili wala maneno ya kisheria, yanatosha maneno yanayoonyesha kwamba unajitoa. Mtoto wa shule anaweza kuandika: "Mimi fulani, mwenye namba ya mteja hii, nafuta mkataba niliouweka tarehe fulani nyumbani kwangu. Sikupewa nakala. Njooni mchukue mtambo wenu, mnirudishie fedha zangu." Andika tarehe, piga picha barua, ipeleke ofisini kwao ukiwa na shahidi, au itume kwa simu na uuhifadhi ujumbe usifutike. Mtambo utunze, usiuvunje wala usiuuze, kwa sababu sasa ni amana mikononi mwako. Risiti za malipo ya simu usizifute. Kampuni ikikaidi, Mamlaka ya Ushindani ya Kenya hupokea malalamiko ya wanunuzi waliopotoshwa, na ipo Mahakama ya Madai Madogo, iliyoanza kazi mwaka 2021, ambayo husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja na ambamo mtu anaweza kujisemea mwenyewe. Msimpelekee Kadhi kesi hizi, ingawa tunajua mngependa. Katiba imemwachia Kadhi ndoa, talaka, mirathi na hadhi ya mtu, na si biashara ya sola; mtapoteza nauli, na siku zenu zitaendelea kuhesabiwa.

Wasomaji wetu wa Tanga na kwingineko ng'ambo ya mpaka wasizichukue zile siku kumi kuwa ni zao, kwani ni za sheria ya Kenya. Wao waitazame Sheria ya Ushindani ya 2003, inayokataza kumpotosha mlaji, na walalamike kwa Tume ya Ushindani iliyoundwa kwa sheria hiyo. Mnunuzi wa Tanzania asiyepewa siku za kubadili nia ana sababu kubwa zaidi ya kukataa kutia sahihi siku ile ile.

Tulimsaidia mama yule kuandika barua yake. Alikuwa ndani ya mwaka, na nakala hakupewa hata moja. Barua ilipokewa ofisini, ikapigwa muhuri mbele ya mjukuu wake, na jamaa zake hawajapigiwa simu tena tangu siku hiyo. Fedha zake bado hazijarudi, na mtambo ungali ukutani, umefungwa, hakuna aliyekuja kuuchukua. Kamati nayo tuliiandikia, tukaitaka itangaze Ijumaa, mahali pale pale pa tangazo la kwanza, kwamba wale vijana hawakutumwa na msikiti na kwamba kila aliyeandikishwa bila nakala ana haki ya kujitoa. Tunapokwenda mitamboni Ijumaa tatu zimepita, na tangazo halijasomwa.